Fedha Iliyozaa Dhahabu

Somo la juma kwa vikundi vya nyumbani, Kitale na Bungoma
Someni pamoja kabla ya kuanza: 2 Timotheo 2:1-7, Matendo 11:22-26, Matendo 13



Jumapili iliyopita niliuliza swali moja katika ibada ya kwanza Kitale, na alasiri nikaliuliza tena Bungoma. Swali lilikuwa hili: Bwana akikuita leo usiku, ni nani mwingine anayejua kufanya kazi unayoifanya? Kitale mikono michache iliinuka. Bungoma watu walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Viongozi wa vikundi wameniomba niliandike somo hili ili mlijadili nyumbani, kwa hivyo nimeongeza mambo ambayo saa haikuniruhusu kuyasema.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mapema mwaka huu tulimzika mzee mmoja wa hapa Kitale aliyekuwa fundi wa kufunga upya waya za mota zilizoungua, hasa mota za mashine za kusaga unga. Watu walitoka Kiminini, Endebess, hata Kapenguria kumletea kazi. Miaka zaidi ya thelathini alifanya kazi hiyo peke yake, mlango umerudishwa nusu. Wiki mbili baada ya mazishi nilipita pale kuwasalimu watoto wake. Nilikuta waya za shaba zinapimwa kwenye mizani, zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Sikuwalaumu wale vijana, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha waya huo unaingia wapi na unatokea wapi. Shaba ilipata bei. Ujuzi ulienda na mzee.

Ndiyo maana juma hili nataka tujifunze kutoka kwa mtu ambaye kazi yake kubwa haikuwa ile aliyoifanya kwa miguu yake mwenyewe. Hayuko mbali nasi. Ukitoka Kitale mpaka Eldoret ni kama kilomita 70, na kutoka Eldoret mpaka Kaptagat ni mwendo mfupi tu. Anaitwa Patrick Sang.

1. MTU WA NAMBA MBILI

Sang alizaliwa mwaka 1964 Kapsisiywa, Nandi. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, huku akikimbia. Mbio zake zilikuwa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wengi wetu tunazitazama kwa televisheni tukishangilia bila kujua zinamdai mtu nini. Mkimbiaji anaruka viunzi mara 28, na juu ya hapo mara 7 anaruka kiunzi chenye dimbwi la maji mbele yake, dimbwi la urefu wa mita 3.66. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91 na kidogo. Tena hakianguki. Ukikigonga, anayeanguka ni wewe.

Sasa sikiliza matokeo yake. Mashindano ya dunia Tokyo 1991: medali ya fedha, nyuma ya Moses Kiptanui. Olimpiki ya Barcelona 1992: medali ya fedha, nyuma ya Matthew Birir. Mashindano ya dunia Stuttgart 1993: fedha tena, nyuma ya Kiptanui yule yule. Kule Barcelona Birir alimaliza kwa dakika 8:08.84 na Sang akamaliza kwa 8:09.55. Hiyo si hata sekunde moja. Hesabu "moja" kwa mdomo na Birir ameshapita.

Na kumbuka hizi ni mbio gani. Tangu 1968 mpaka 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, dhahabu ya mbio hizi ilikuja nyumbani. Katika nchi nyingine, mtu wa fedha tatu angejengewa sanamu. Kwetu, katika mbio ambazo Mkenya lazima ashinde, wa pili anasahaulika kabla ndege haijatua.

Nilisomea biashara chuoni, na mwalimu wetu wa uhasibu alipenda kusema kwamba kosa kubwa ni kufunga vitabu kabla mwaka haujaisha. Ukifunga vitabu vya Sang siku aliyotundika viatu, utaandika hivi: fedha tatu, dhahabu ya dunia, sifuri, dhahabu ya Olimpiki, sifuri. Utapiga mstari chini na kusema huyu alikaribia tu. Lakini mwaka ulikuwa haujaisha.

Kuna watu katika kanisa letu waliofunga vitabu vyao mapema. Kuna mwalimu aliyestaafu ambaye anasema kazi yake imekwisha. Kuna wale waliofanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kilipofungwa mwaka 2009 walirudi nyumbani na ujuzi wa mitambo, wa umeme, wa kuchomelea, na wengine hawajaufundisha mtu mpaka leo. Kuna mama aliyeimba kwaya miaka ishirini, sauti ikapungua, akahamia kiti cha nyuma karibu na mlango. Mpendwa, sauti yako kupungua haina maana sikio lako limepungua. Kwaya inahitaji sikio lako.

2. KIJANA ALIYERUDI

Kama mwaka 2001 hivi, Sang akiwa sasa anashughulika na vijana wa kwao, alikuja kijana mmoja mwembamba akamwomba programu ya mazoezi. Sang akampa mazoezi ya kama wiki mbili. Kijana akaenda. Wiki mbili zikaisha, kijana akarudi: nimemaliza, nipe mengine. Akapewa. Akaenda, akarudi tena. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda kabla Sang hajamuuliza hata jina lake ni nani na ni mtoto wa nani. Kumbe ni mtoto wa jirani, pale pale Kapsisiywa, mwana wa mwalimu mjane ambaye baba yake alimjua kwa picha tu. Jina lake Eliud Kipchoge.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunakosea tunapotafuta mtu wa kumfundisha.

Kwanza, tunatafuta mwenye kipaji. Tunatazama nani anapiga kinanda vizuri, nani ana sauti, nani ana cheti. Sang hakuwa na kipimo cha kujua kwamba huyu mtoto atakuja kuwa nani. Alikuwa na jambo moja tu la kumwonyesha: kijana anarudi. Alipewa kazi, akaifanya bila kusimamiwa, akarudi kuomba nyingine. Mimi nikiulizwa leo na mwenye duka nani amwachie funguo, nitamwambia asimtafute mwenye maneno mengi. Mpe kazi ndogo ya wiki mbili, halafu tazama nani atarudi.

Pili, tunasubiri tuwe na kitu kikubwa cha kutoa. Tunasema nikipata karakana kubwa nitachukua vijana, nikipata nafasi nitaanzisha darasa. Sang alitoa mazoezi ya wiki mbili. Hakumwahidi kijana Ulaya, hakumwahidi medali. Kitu cha wiki mbili hata wewe unacho.

Tatu, kijana mwenyewe ndiye aliyekuja kuomba. Vijana, hili ni lenu. Msikae kwenye ngazi za kanisa mkilalamika kwamba wazee hawawapi nafasi. Nenda uombe. Ukipewa kidogo, kifanye chote, kisha urudi.

Sasa tuone kilichofuata. Tarehe 31 Agosti 2003, mjini Paris, kulikuwa na fainali ya mita 5,000 ya mashindano ya dunia. Walikuwepo Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, wakati huo majina ya kutisha. Kipchoge alikuwa na miaka 18. Alimpita El Guerrouj mstarini kwa tofauti ya sekunde 0.04. Mwalimu alikosa dhahabu kwa chini ya sekunde moja. Mwanafunzi wake akaipata kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona bila picha.

Hapo ndipo nikatoa kichwa cha somo hili. Fedha ya Barcelona ilizaa dhahabu ya Paris. Yule aliyejua uchungu wa kukosa kidogo ndiye aliyejua cha kumfundisha mwenzake.

3. KAMBI YA KAPTAGAT

Wengine wanafikiri kocha ni mtu wa kupiga kelele akiwa na saa mkononi. Tazameni mpango wa Kaptagat. Wanariadha wanaishi kambini siku za juma, katika vyumba vya kawaida, na wikendi wanaenda kwa familia zao. Kuna siku ya mbio za uwanjani, kuna siku ya mwendo mrefu wa kilomita 30 au 40, kuna siku ya kubadilisha kasi barabarani. Mpango unajulikana, na haubadiliki kwa sababu mtu ameamka vibaya.

Halafu kuna kazi za nyumba. Wanafagia, wanaosha vyoo kwa zamu. Kipchoge, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki na mtu wa mali, alikuwa kwenye zamu kama wengine. Mgeni anayefika pale anashangaa. Mimi sishangai, kwa maana hiyo ni sehemu ya mafunzo. Kijana wa miaka 19 akimwona bingwa wa dunia ameshika ufagio, hahitaji mahubiri ya unyenyekevu.

Jambo lingine ni kuandika. Kipchoge amekuwa akiandika mazoezi yake kila siku katika daftari, mwaka baada ya mwaka, tangu 2003. Ndugu zangu wafanyabiashara mnajua ninaelekea wapi. Ujuzi ulio kichwani tu unakufa na kichwa. Ukiuandika, mtu mwingine anaweza kuuchukua. Mama anayeoka mikate ya harusi, vipimo vyako viko wapi? Ndugu unayepiga dawa mahindi, tarehe na kiasi umeviandika, au unasema "mimi najua tu"?

Sang pia anajulikana kwa kuwafundisha wanariadha wake kuhusu maisha: pesa, familia, namna ya kuishi baada ya mbio. Mbio zinaisha mtu akiwa bado kijana, na tumeona katika nchi hii mashujaa walioshinda mamilioni wakamalizia maisha kwa shida. Anayekufundisha kukimbia tu amekufundisha nusu.

4. MWANAFUNZI ANAPOANGUKA

Msidhani ilikuwa kupanda tu. Kipchoge alipata shaba Athens 2004, akapata fedha Beijing 2008. Halafu mwaka 2012 hakuchaguliwa kabisa kwenda Olimpiki ya London. Alikuwa na miaka 27. Watu wa michezo walishaanza kumzungumzia kama mtu wa jana.

Fikiria kocha katika hali hiyo. Angeweza kusema nimefanya yangu, niletee kijana mwingine. Badala yake walibadilisha njia. Wakaacha uwanja, wakaingia barabarani. Aprili 2013 Kipchoge alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, Ujerumani, na akashinda. Kilichofuata mnakijua: dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, rekodi ya dunia Berlin 2018, saa 2:01:39, dhahabu tena Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, rekodi nyingine Berlin 2022, saa 2:01:09. Na katikati yake, tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, saa 1:59:40. Siku hiyo alisindikizwa kwa zamu na wakimbiaji 41 wa kumwekea kasi, na hayakuwa mashindano ya wazi, ndiyo sababu haikuandikwa kuwa rekodi rasmi. Lakini ni mwanadamu wa kwanza kumaliza umbali huo chini ya saa mbili. Hata yeye, pamoja na yote aliyokuwa nayo, alihitaji watu 41 mbele na pembeni.

Tena kuna kuanguka baada ya kupanda. London 2020 alimaliza wa nane. Paris 2024 hakumaliza mbio. Kocha aliyekuwepo Vienna alikuwa bado kocha wake baada ya Paris. Uhusiano unaosimama juu ya ushindi peke yake huisha na ushindi.

Yuko pia Faith Kipyegon. Alishinda mita 1,500 Rio 2016, akajifungua mtoto mwaka 2018, na aliporudi mazoezini alijiunga na kundi la Sang. Wangapi walifikiri mama hawezi kurudi kileleni? Alishinda Tokyo. Akashinda Paris 2024, mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo. Juni 2023 mjini Florence alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 3:50. Wamama wachanga wa kanisa hili, na ninyi viongozi mnaowaondoa kwenye orodha ya huduma mara tu wanapobeba mtoto, soma aya hii mara mbili.

Mtume Paulo katika 2 Timotheo 2 anamtaja mwanariadha kwa jina la kazi yake: kwamba hapati taji asipofuata kanuni za mashindano. Lakini mistari mitatu kabla ya hapo amesema jambo ambalo tunalipita haraka. Anamwagiza Timotheo ayachukue mafundisho aliyoyapokea awakabidhi watu waaminifu, ili na hao nao wawafundishe wengine. Hesabu vizazi katika mstari huo mmoja: Paulo, Timotheo, waaminifu, wengine. Vinne. Ukifundisha mtu mmoja na yeye akabaki nacho, mnyororo umekatika kwenye pingu ya pili.

5. SHAHIDI WA PILI: KOCHA WA MAJINI

Kwa kuwa jambo linathibitishwa na mashahidi zaidi ya mmoja, nimleteeni mwingine kutoka mbali, kutoka mchezo ambao huku kwetu hatuujui sana. Sisi tulijifunza kuogelea mtoni, na mto Nzoia haukufundishi kwa upole. Hata hivyo Kenya ina jina katika kuogelea. Olimpiki ya Beijing 2008, Jason Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 mtindo wa kipepeo, sekunde 51.14. Ilivunjwa siku hiyo hiyo, lakini aliingia fainali na kumaliza wa tano. Na mwaka 2010 akatwaa dhahabu ya mita 50 katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi.

Shahidi wangu lakini ni Mmarekani, James Counsilman, aliyezaliwa 1920. Aliogelea akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State. Vita vya pili vya dunia vikamchukua, akawa rubani wa ndege ya mabomu. Aliporudi, miaka ya ubora wa mwogeleaji ilikuwa inayoyoma. Akasoma zaidi, akawa kocha, na tangu 1957 akafundisha Chuo Kikuu cha Indiana. Timu yake ilishinda ubingwa wa vyuo vya Marekani miaka sita mfululizo, 1968 mpaka 1973. Mwanafunzi wake Mark Spitz alipata dhahabu 7 katika Olimpiki ya Munich 1972, na kila moja ilikuja na rekodi ya dunia.

Alifanya nini tofauti na wenzake? Alitazama chini ya maji. Makocha wengi walisimama ukingoni wakitazama kinachoonekana juu: mikono inarusha maji, kichwa kinageuka. Counsilman alipiga picha za sinema chini ya maji akaona mkono unafanya nini pale ambapo hakuna anayeuona. Watu walidhani mwogeleaji bora anavuta mkono moja kwa moja kwenda nyuma. Picha zikaonyesha mkono unapinda ukienda, na waogeleaji wenyewe hawakujua wanafanya hivyo.

Wazazi na viongozi, hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Ukitaka kumlea mtu, usitazame Jumapili peke yake. Jumapili sote tuko juu ya maji, tumepiga pasi. Mtazame Jumanne akiwa kazini, namna anavyowajibu wateja, anavyorudisha chenji, anavyoongea na mamake kwenye simu. Mkono unavuta chini ya maji.

Na huyu mzee hakuwa wa kusema tu. Mwaka 1979, akiwa na miaka 58, aliingia baharini akaogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, upana wa karibu kilomita 34. Wakati huo hakuna mtu wa umri wake aliyekuwa amefanya hivyo. Kocha hakuacha kuwa mwanafunzi wa maji.

6. "LAKINI ATANIPITA"

Sasa tuje kwa hofu yenyewe, maana naijua. Nimekaa na mafundi wa Kitale na wenye maduka wa Bungoma, na nimeisikia mara nyingi: "Pasta, nikimfundisha huyu kijana, mwaka kesho atafungua duka mkabala na langu."

Sitakudanganya. Pengine atafungua. Wengine watachukua hata wateja wako. Hofu hiyo si ujinga. Chakula cha watoto wako kiko pale. Lakini tufanye hesabu. Fundi mmoja ana saa kama kumi za kazi kwa siku, na hata akiombewa na kanisa zima hatapata kumi na mbili bila kuugua. Akiugua, mlango unafungwa na pesa inasimama siku hiyo hiyo. Fundi mwenye wanafunzi wawili waliofundishwa vizuri anaweza kupokea kazi nyingi zaidi, na akilazwa hospitali mlango bado uko wazi. Anayeogopa kupitwa amechagua hasara ya hakika kwa kuogopa hasara ya labda.

Kisha weka mambo wazi tangu mwanzo. Kubalianeni muda wa kujifunza, tuseme miaka miwili. Kubalianeni posho au asilimia, muandike, shahidi aweke sahihi. Akimaliza, mwache aende kwa baraka, na kama anafungua kazi yake, afungue Webuye au Kimilili ambako wewe hufiki. Aliyeondoka kwa amani atakuletea kazi inayomshinda. Aliyeondoka kwa ugomvi atakuletea ushindani.

Tuangalie Barnaba. Katika Matendo 11 anafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli, wakati ambapo wengi hawakumwamini, anamleta Antiokia, wanafanya kazi pamoja mwaka mzima. Ukianza kusoma Matendo 13 utaona majina yameandikwa Barnaba kwanza, Sauli baadaye. Kabla sura haijaisha, mpangilio umegeuka: ni Paulo na Barnaba. Hakuna mahali Barnaba analalamika kwamba jina lake limehamia nafasi ya pili. Paulo aliandika barua ambazo tunasoma mpaka leo. Nyuma ya barua hizo kuna mtu aliyekubali kusafiri mpaka Tarso.

Na sisi wachungaji hatujaachwa nje. Mchungaji anayehubiri kila Jumapili peke yake, mwaka mzima, ameshikilia saa mkononi na bado anakimbia yeye. Ndiyo sababu mmeona mwaka huu vijana wanne wakipanda madhabahuni jioni. Wengine wametetemeka, mmoja alisahau nukta ya tatu. Mvumilieni. Wiki mbili zikiisha, atarudi.

7. CHA KUFANYA JUMA HILI

Moja: andika jina la mtu mmoja. Mmoja tu. Asiwe lazima mtoto wako wa kuzaa. Awe mtu ambaye umemwona akirudi.

Mbili: chagua kitu kimoja unachokijua ambacho kinaweza kufundishwa kwa wiki mbili. Kupima kitambaa, kutunza daftari la chama, kupanga nyimbo za ibada, kukagua mahindi kama yamekauka vya kutosha kabla ya kuweka gunia.

Tatu: mfundishe kwa hatua nne. Fanya wewe yeye akitazama. Fanyeni pamoja. Afanye yeye wewe ukitazama. Afanye peke yake, kisha akuletee taarifa. Wengi tunaruka hatua ya tatu, halafu tunasema vijana hawawezi.

Nne: viongozi wa idara zote, Kitale na Bungoma, mlete majina ya mnaowalea kwa ofisi kufikia mwisho wa mwezi. Shule ya Jumapili ya Bungoma ina mwalimu mmoja kwa watoto wote wa miaka sita mpaka tisa. Akihamishwa kikazi, watoto hao watakaa nje Jumapili inayofuata. Hilo si jambo la kuombea tu. Kuna mtu anayesoma karatasi hii ambaye ndiye jibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani aliyekupa "wiki mbili" zako za kwanza? Je, umewahi kumshukuru?
2. Katika kazi yako, ni jambo gani ambalo wewe peke yako unalijua? Nini kitatokea usipokuwepo mwezi mmoja?
3. Tunatofautishaje mtu anayerudi kwa sababu anataka kujifunza na anayerudi kwa sababu anataka msaada tu? Tufanye nini na huyu wa pili?
4. Someni Matendo 13 mkitafuta pale majina yanapogeuka. Wewe ungekuwa Barnaba, lipi lingekuwa gumu kwako?
5. Vijana: ni mzee gani utamwendea juma hili, na utamwomba nini hasa?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa wote waliotuonyesha kazi tukiwa hatuna jina. Wape waliofunga vitabu vyao mapema ujasiri wa kuvifungua. Wape vijana wetu moyo wa kurudi. Tuondolee hofu ya kupitwa, ili tunachokijua kisiuzwe kwa kilo siku tutakapoondoka. Katika jina la Yesu, amina.